Watoto Wenu Wakiwauliza Juu ya Bendera

Masomo: Yoshua 4:1-9; Hesabu 21:4-9; 2 Wafalme 18:1-4; Danieli 3



Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya kufunga na kuomba. Lakini kumetokea jambo kati yetu hapa Lubumbashi, na wazee wa kanisa wametuomba tulijibu wazi katika gazeti letu hili dogo kabla halijageuka kuwa matengano. Wengi wenu mmelisikia, na kila mtu amelisikia kwa namna yake, basi tuseme lilivyokuwa.

Vijana watatu wa kwaya walikuwa wakienda mazoezi, siku ya tano jioni. Walipofika mbele ya ofisi moja ya serikali, filimbi ikalia. Ilikuwa saa kumi na mbili, bendera ilikuwa ikishushwa. Watu wote barabarani wakasimama kama kawaida: mama muuza mihogo na beseni lake kichwani, wenye kusukuma kinga, wenye pikipiki. Vijana wetu hawakusimama. Polisi akawaita, wakaendelea na njia. Alipowashika, mmoja wao akajibu kwa sauti kubwa kwamba wao wanamsujudia Mungu peke yake, hawasujudii kitambaa. Wakawekwa pale mpaka saa mbili ya usiku, wakaachiliwa kisha wazazi kutoa feza, na feza ile haikuandikiwa karatasi yoyote.

Siku ya Mungu iliyofuata tukawa makanisa mawili ndani ya jengo moja. Wa upande huu walisema vijana wamefanya vizuri, wao ni Shadraka, Meshaki na Abednego wa komini yetu. Wa upande ule walisema vijana wameleta haya juu ya kanisa, sasa serikali itatuhesabu kuwa watu wa fujo, na dawa yake ni kutundika bendera kubwa ndani ya hekalu, karibu na mazabahu, ili mkubwa yeyote akiingia aione. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kwenda sokoni kuinunua. Iko katika kabati la mwandishi wetu, imekunjwa, inangoja.

Wandugu, pande zote mbili zinaipenda kazi ya Mungu. Lakini tuliwauliza watu kumi hivi, wa upande huu na wa upande ule: bendera hii ilitoka wapi? Hakuna aliyetueleza. Walijua kwamba nyekundu ni damu, wakaishia hapo. Mnagombana juu ya kitu msichokijua.

Fungueni kitabu cha Yoshua, sura ya nne. Israeli wamevuka Yordani kwa miguu mikavu. Bwana anaagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wachukue mawe katikati ya mto na kuyasimamisha mahali watakapolala. Kwa nini? Kwa sababu siku moja watoto watauliza maana ya mawe yale, na baba zao watapaswa kuwa na jibu. Hatusomi kwamba mtu yeyote aliyapigia magoti mawe hayo, wala kwamba aliyeyapita mbio alipigwa. Kazi ya mawe ilikuwa kuamsha ulizo katika kinywa cha mtoto. Baba asiyejua kujibu, kwake yale ni mawe tu, ya kukalia wakati wa jua.

Bendera ni jiwe la namna hiyo. Basi tujifunze kujibu.

Mwaka 1876 mfalme wa Wabeleji, Leopold wa pili, aliita wasafiri na wakubwa wa Ulaya katika mji wa Brussels, na hapo kikazaliwa chama kilichoitwa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Walisema wanataka kukomesha biashara ya watumwa na kuleta elimu. Mwaka uliofuata, 1877, chama hicho kikajipatia bendera: kitambaa cha buluu, na nyota moja ya rangi ya zahabu katikati. Walieleza kwamba nyota ile ni mwangaza unaoingia gizani. Giza ni sisi, wandugu. Babu zetu waliokuwa wakiyeyusha shaba katika inchi hii ya Katanga, wakifanya nayo biashara mpaka mbali, hao ndio walikuwa giza.

Kuanzia 1879 Stanley alipanda mto Kongo akifanya kazi ya Leopold, akijenga vituo, na machifu wakitiwa kuweka alama zao juu ya karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Na sasa angalieni jambo hili, ambalo hatuwezi kulisoma bila kushangaa. Tarehe 22 mwezi wa nne 1884 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba inaitambua bendera ya chama hicho kama bendera ya serikali rafiki. Mkutano wa Berlin ulikuwa haujafunguliwa bado. Ulianza mwezi wa kumi na moja. Inchi iliyoitwa Serikali Huru ya Kongo ilitangazwa 1885. Maana yake bendera ilipewa cheo cha inchi wakati inchi yenyewe haijakuwako! Kwa kawaida watu huwa kwanza, kisha wanajitafutia alama. Kwetu alama ilifika kwanza, ndani ya sanduku, halafu watu wakatafutwa wa kuwekwa chini yake.

Na yaliyofanyika chini yake mnayajua kwa vinywa vya wazee: kodi ya mpira, vijiji kuchomwa, mikono kukatwa. Hatutaandika yote hapa. Mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuiachia inchi mikononi mwa serikali ya Wabeleji. Jina likageuka, bendera haikugeuka. Kitambaa kile kile cha buluu na nyota moja kikaendelea kupepea hata 1960.

Chini ya bendera hiyo, tarehe 6 mwezi wa nne 1921, mtumishi wa Mungu Simon Kimbangu alianza kazi yake kule Nkamba, akiponya na kuhubiri. Miezi sita haikutimia. Mwezi wa tisa akashikwa, na tarehe 3 mwezi wa kumi mahakama ya kiaskari kule Thysville, ambako leo ni Mbanza-Ngungu, ikamhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert akakigeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu, Elisabethville, yaani mji huu mnamokaa. Miaka thelathini! Alikufa kifungoni tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Tunataka muone jambo hili kwa macho: kila asubuhi ya miaka ile bendera ilipandishwa, kila jioni ikashushwa, na mtu huyu akiwa ndani ya ukuta. Nyota ile haikumwangazia kitu.

Sasa tangu 2023 tarehe 6 mwezi wa nne ni siku ya kupumzika ya taifa lote, kwa heshima ya vita alivyovipigana Kimbangu na ya kuamka kwa akili za Waafrika. Siku hiyo serikali inapandisha bendera yenye nyota ya manjano juu ya buluu. Mnaona? Ni nyota iliyotoka katika ile ile iliyokuwa juu ya kifungo chake. Kuna watu wanaoudhika wakisikia hivyo, wanasema tungetupa nyota yote na kuanza upya. Sisi tunafikiri vingine. Msalaba pia ulikuwa chombo cha Waroma cha kuua watumwa na waasi. Mtu wa zamani zile angetuona tumeuvaa shingoni angekimbia. Kitu cha aibu kinaweza kugeuzwa, lakini hakigeuki kwa kusahauliwa. Hugeuka wakati watu waliouawa chini yake wanapokumbukwa kwa majina.

Tuendelee. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 uhuru ulifika, na bendera mpya ikapandishwa. Buluu ilibaki, nyota kubwa ikabaki katikati, na nyota ndogo sita zikapangwa upande wa mlingoti, moja kwa kila mkoa: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga, Kasai. Hiyo ndiyo bendera ambayo Patrice Lumumba aliiona ikipanda.

Haikupata hata wiki mbili ya utulivu. Tarehe 11 mwezi wa saba Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga, na hapa Elisabethville ikapandishwa bendera nyingine: nyekundu, nyeupe na rangi ya majani, na misalaba mitatu ya shaba, mfano wa ile misalaba ambayo babu zetu waliitumia kama feza. Mwezi wa nane Kasai ya Kusini nayo ikafuata na Albert Kalonji. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 Lumumba akaletwa huku amefungwa, akauawa porini usiku ule ule, pamoja na Mpolo na Okito. Kujitenga kwa Katanga kulikoma mwezi wa kwanza 1963.

Hapa tunapunguza sauti, kwa kuwa jambo hili linakaa katika mabenchi yetu wenyewe. Katika kanisa letu kuna mzee ambaye misalaba mitatu ya shaba kwake ni ujana wake, sare yake ya masomo, mji ulio safi. Benchi la nyuma yake kuna mama ambaye wazazi wake ni Wakasai, nao walifukuzwa Katanga katika miaka ile ya 1992 na 1993, wakangoja treni kwa majuma kwenye gari-moshi, watoto wakifa. Yeye akiiona misalaba ile, tumbo linakata. Na wote mlikuwa hapa tarehe 23 mwezi wa tatu 2013, wakati watu wa kundi la Kata Katanga walipoingia mjini na bendera hiyo, na risasi zikalia mchana, na watu wakafa barabarani. Kwa hiyo msituambie kwamba bendera ni kitambaa tu. Watu hawafi kwa ajili ya kitambaa tu. Kijana wetu aliyemjibu polisi alisema neno la kweli nusu. Ni kitambaa, ndiyo, kama vile karatasi ya ndoa ni karatasi.

Nyota sita hazikukaa. Tayari kufika 1963 mikoa ilikuwa imekatwa-katwa vipande zaidi ya ishirini, na hesabu ya nyota haikusema kweli tena. (Leo tangu 2015 mikoa ni 26, tungeweka nyota kwa kila moja, mlingoti wenyewe ungejaa.) Mwaka 1966 ikaja bendera ya buluu yenye mstari mwekundu wa kukata kona kwa kona, na nyota juu karibu na mlingoti. Nayo ikadumu miaka mitano.

Mwaka 1971 inchi ikabatizwa Zaire, na mwezi wa kumi na moja ikatoka bendera yenye rangi ya majani, na katikati duara la manjano, na mkono wenye kushika mwenge unaowaka. Ninyi wenye miaka hamsini na zaidi mnaijua, mliimba chini yake kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Alama ile ilikuwa pia alama ya chama, MPR, na kila mtoto aliyezaliwa alihesabiwa mwanachama tangu tumboni. Hapo ndipo kitambaa kilianza kudai kitu ambacho si chake. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika siku za kupumzika. Misalaba ikateremshwa katika masomo, hospitali na majengo ya serikali, mahali pake ikawekwa picha ya rais. Kiongozi mmoja wa serikali alithubutu kusema mbele ya watu kwamba chama ni kanisa na mwanzilishi wake ni kama masihi. Na sisi, makanisa? Tuseme kweli mbele ya Mungu: wengi wetu tulipiga makofi na kucheza animasio, kwa sababu tulikuwa na njaa na woga. Wachache walikataa. Hatuandiki hili ili kumhukumu mtu. Baba zetu walikuwa na watoto wa kulisha.

Kitabu cha Hesabu kinatueleza kwamba watu walipoumwa na nyoka jangwani, Musa alifanya nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti mrefu, na aliyemtazama alipona. Ilikuwa ishara njema, Mungu mwenyewe aliiagiza. Lakini miaka mamia ilipita, na tunaposoma habari za mfalme Hezekia tunakuta watu wanamfukizia uvumba nyoka yule. Walikuwa hata wamempa jina, Nehushtani. Hezekia akamvunja-vunja. Hakusema kwamba Musa alikosea. Ishara ilikuwa imeacha kuonyesha kitu kilicho mbele yake, ikaanza kujionyesha yenyewe. Mwenge ule wa Zaire ulivunjika mwezi wa tano 1997, vita vilipofika Kinshasa, na siku chache watu walikuwa wakiuza sare za chama kwa bei ya kupangusia magari.

Mwaka huo huo wa 1997 bendera ya nyota sita ilirudi. Halafu katiba iliyotangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, ikaweka ile tuliyo nayo: buluu ya mbingu, nyota ya manjano katika kona ya juu upande wa mlingoti, na mstari mwekundu uliozungushiwa manjano membamba. Buluu ni amani. Nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya inchi. Manjano ni mali ya inchi. Nyota ni umoja na mwangaza wa siku zinazokuja. Na chini ya alama za taifa kuna maneno matatu: haki, amani, kazi.

Mwezi wa sita 2022 jino la Lumumba, ambalo ndilo lililobaki katika mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji ndani ya sanduku la maiti, na sanduku lilifunikwa bendera hii. Likapitishwa Kisangani, likafika hata huku kwetu, kule porini alikouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Marehemu hakuijua bendera ile. Yake ilikuwa ya nyota sita. Lakini kati ya waliosimama njiani, hatujasikia aliyesema kwamba amefunikwa nguo ya mwingine.

Basi sasa, vijana wetu watatu. Tunakuja kwenu.

Mlisema ninyi ni kama wale watatu wa Babeli. Someni sura ya tatu vizuri. Nebukadneza alisimamisha sanamu ya zahabu, akaagiza kwamba ngoma na vinanda vikilia watu waanguke na kuabudu, na asiyefanya hivyo atupwe katika tanuru. Maneno mawili yako pale: kuanguka, kuabudu. Mbele ya ofisi ile hakuna aliyewaambia muanguke. Filimbi ilisema: simama. Mama wa mihogo alisimama. Je, aliabudu? Muulizeni. Yeye anafunga siku ya tano kila juma kuliko ninyi. Mtu akipitishwa barabarani ndani ya sanduku, hata msiyemjua, ninyi husimama na kuvua kofia. Hakuna anayesema mmemwabudu maiti. Mtume Petro anaagiza kumwogopa Mungu na kumheshimu mtawala, na hakuyachanganya hayo mawili, ingawa aliandika wakati Roma inaua wakristo.

Lakini pia hatutawacheka. Moyo ulio tayari kukataa ni mali ya kanisa. Mwaka 1974 ungetufaa sana! Siku ambayo wataambiwa watu wainame, au waweke picha mahali pa msalaba, au waimbe kwamba mtu fulani ni mkombozi, siku hiyo tutawatafuta ninyi watatu mtutangulie. Msiutumie moyo huo ovyo kwenye filimbi ya saa kumi na mbili.

Na kuna njia ya kusimama na kusema kweli pamoja. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kule Côte d'Ivoire, wachezaji wetu wa Léopards walisimama mbele ya bendera wakati wimbo wa taifa unapigwa, mkono mmoja ukifunika kinywa, vidole vya mkono mwingine vikiwekwa kando ya kichwa kama bunduki. Walikuwa wakiwaonyesha watu wa dunia yote kwamba Wakongo wa mashariki wanauawa na dunia imenyamaza. Hakuna aliyeketi, hakuna aliyeipa bendera mgongo. Tulitazama pale kwa mwalimu, watu wengi ndani ya chumba kimoja, na wamama walilia. Mwaka uliofuata Goma ikatekwa mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili. Mstari mwekundu, wandugu, haujakauka.

Neno moja kwa askari na polisi walio katika kanisa letu, maana wako, na tunawapenda. Yohana Mbatizaji aliulizwa na askari wafanye nini. Hakuwaambia watupe sare. Aliwaambia wasinyang'anye mtu kwa nguvu wala kwa uongo, na watosheke na mshahara wao. Anayemsimamisha mtoto wa watu kwa jina la bendera na kumwachilia kwa feza isiyo na karatasi, yeye ameivua bendera heshima kuliko kijana aliyeipita. Tunajua mshahara unachelewa, na wakati mwingine haufiki. Tuliandika juu ya hilo mwaka jana, tutaandika tena. Haubadilishi neno la Yohana.

Na mzee wetu aliyenunua bendera. Baba, tunakushukuru, ulitoa feza yako mwenyewe. Lakini haitatundikwa karibu na mazabahu. Mbele ya mazabahu yetu wanapiga magoti Wazambia, Waangola, Warundi, Wanyarwanda, na mahali pale hapana duane. Tena mazabahu tayari ina kitu chake cha kutazamwa, na kitambaa chochote kinachowekwa kando yake kinajifunza polepole kuomba uvumba. Tumeliona hilo kwa macho yetu wenyewe, si katika kitabu cha Wafalme tu.

Itapandishwa mlingotini, katika kiwanja cha masomo yetu, nje, penye upepo. Mwalimu wa watoto atawafundisha habari hizi zote, hata za mpira na za 1974, kidogo kidogo kwa kadiri ya miaka yao, mpaka kila mtoto aweze kumjibu mdogo wake. Itashushwa jioni, haitalala nje. Ikipauka itabadilishwa, ofisi ngapi za mji huu zimetundika kipande kilichochanika ambacho mtu hangepangusia meza, halafu wanataka tukisimamie!

Wakati wa mkutano, mama mmoja wetu fundi wa kushona alisimama akaomba apewe bendera kwanza, kwa sababu zile za sokoni pindo zake zinafumuka kisha mvua ya kwanza. Mama huyu alikuwa na kijana askari aliyetumwa mashariki. Hakurudi, na mwili haukuletwa. Akakaa nayo siku nne. Alipoirudisha pindo lilikuwa limeshonwa mara mbili, na upande wa mlingoti, ndani, mahali pasipoonekana na mtu aliye chini, aliandika jina la mtoto wake kwa uzi wa buluu. Alituuliza kama ni kosa. Tulimwambia hapana.

Tutaipandisha mara ya kwanza tarehe 30 mwezi wa sita, saa moja na nusu asubuhi. Wawili kati ya vijana wale wamekubali kushika kamba. Wa tatu anasema atakuja, atasimama, lakini kamba hataishika bado, na sisi tumemwachia.